SOMO: Jinsi ya kuwatoa wanachuo na vijana geto wakajiandikishe na wapige kura (Tabora tumejifunza kwa kuumia)

Wakuu kwema? Tangu juzi watu wananifata wanauliza tunafanyaje, nimeona niandike yote hapa maana muda umebaki kidogo, kujiandikisha ni Oktoba 11 hadi 20 na kura za serikali za mitaa ni Novemba 27, mwaka huu wa 2024.

Nianze na tulipochemka. Mwezi wa saba uboreshaji wa daftari la kudumu la wapiga kura ulizinduliwa Kigoma tarehe 20, na sisi Tabora tulikuwa awamu hiyohiyo ya kwanza, basi tukaandaa bonanza, spika kubwa, jezi, mshehereshaji anapiga kelele weee mpaka sauti ikakauka, uwanja ukajaa. Jioni tukauliza mmoja mmoja, kwenye timu mbili nzima waliokuwa wamejiandikisha ni wanne na mmoja wao refa. Na hawakugoma! Mmoja kadi yake ni ya Nzega alidhani hairuhusiwi kuhamisha taarifa, mwingine aliambiwa lazima uwe na NIDA, mwingine alikuwa anasubiri tumwambie kituo kiko wapi. Yaani tumepiga muziki siku nzima na hakuna aliyetaja kituo kiko wapi.

HATUA YA 1: Jua unahamasisha uchaguzi upi.
Hapa wanapotea hata wahamasishaji wenyewe. Kuna madaftari mawili. La kudumu ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ndo unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole unapewa kadi, hilo ni la rais, wabunge na madiwani mwakani 2025. La sasa hivi ni la wakazi, liko chini ya TAMISEMI, halina kadi, unaenda kwenye mtaa wako unataja jina na umri unasaini unaondoka. Kwaiyo mwenye kadi ya mwezi wa saba akikwambia "mi tayari" mwambie bado. Na mtego mwingine, mwezi wa saba waliandikishwa hata wenye miaka 17 ambao watafikisha 18 kabla ya kura za mwakani, hao kadi wanayo ila Novemba kama hawajafikisha 18 hawapigi, msiwabebe mkaja kuaibika kituoni.

HATUA YA 2: Aga wenye eneo.
Chuoni muone mshauri wa wanafunzi, mtaani muone mtendaji, barua ya ukurasa mmoja inatosha. Usivae rangi ya chama chochote, hata kofia.

HATUA YA 3: Majina, sio matangazo.
Nunua kaunta buku. Tafuta CR (kiongozi wa darasa) wa kila darasa na mtu mmoja kila hosteli, kila mmoja akuletee majina 15 ya watu anaowajua kwa sura. Andika jina, anakaa mtaa gani, na swali ambalo ndo moyo wa somo zima: Novemba 27 utalala wapi? Kama atakuwa hapa Tabora ajiandikishe mtaa anaokaa sasa, awe hosteli au geto la kupanga, yeye ni mkazi kama wengine. Kama atakuwa kwao Igunga basi ajiandikishe kwao. Swali hili pia liulize kwa vijana wasio wanachuo, maana msimu huu wengi wanaenda mashamba ya tumbaku Urambo na Kaliua, na warina asali wakiingia porini ni wiki kadhaa, utamwandikisha hapa mjini, kata ya Cheyo, halafu siku ya kura yuko na mizinga huko msituni.

HATUA YA 4: Nendeni pamoja, asubuhi.
Oktoba ya Tabora mnaijua, saa saba mchana jua halina mjomba, hakuna mtu atatoka geto. Saa mbili asubuhi watu watano watano, mnasindikizana. Bodaboda usiwaite wote mkapoteza abiria, wapokezane. Na ukikutana na yule wa "serikali ya mtaa inanisaidia nini", usimhubirie demokrasia, muulize tu ile fomu ya mkopo aliyozunguka nayo juani kutafuta sahihi na mhuri wa mtaa, aliyemwambia njoo kesho ni nani? Hii kwangu haijawahi kufeli.

HATUA YA 5: Fuatilia.
Majina yakibandikwa kakagueni. Usiku wa Novemba 26 kila mwenye list yake apige simu, asitume status, apige.

MASWALI YA WADAU

Binti Isevya: Mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza huko, atafika mwisho wa mwezi wa kumi, atapiga wapi?
Jibu: Hapo pagumu dada, nisikudanganye. Akifika baada ya tarehe 20 huku kumeshafungwa, na akijiandikisha nyumbani kura yake itabaki nyumbani. Kama kuna namna ya kuwahi hata siku moja kabla, awahi. La sivyo ajipange na mwakani.

Mzee wa Karanga: Mnajisumbua. 2019 mtaani kwetu mtu alipita bila kupingwa, hatukuona hata karatasi ya kura.
Jibu: Shkamoo mzee wangu. Ni kweli, 2019 wagombea wengi walienguliwa na vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, vijana wengi hiyo ndo ilikuwa mara yao ya kwanza na hawakupiga. Siwezi kukuahidi mwaka huu itakuwaje. Kwa wabunge na madiwani sheria ya 2024 inasema mgombea akibaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ila asiye kwenye daftari hata hiyo hapana hana pa kuiweka.

Dogo Ng'ambo: Tukiwapa soda na nauli si watakuja wengi?
Jibu: Watakuja wengi na TAKUKURU nao watakuja. Maji ya kunywa kwenye kikao sawa, ela ya mkononi hapana.

Mamu: Mimi nina 20, naweza kugombea uenyekiti?
Jibu: Kugombea ni kuanzia 21, kupiga 18.

Kijiwe Stendi: Kaka tupo 11 hapa, kituo chetu kipi?
Jibu: Mnajiandikisha mtaa mnaolala sio mnapopaki pikipiki, kwaiyo inawezekana mna vituo hata saba. Nitumieni majina ya mitaa yenu leo kabla ya saa nne usiku, kesho asubuhi nazunguka kwa watendaji nitawajibu mmoja mmoja.