Lenzi ya zumu kwa kazi za harusi Unguja

Mimi napiga harusi za kike hapa Unguja, na nikiulizwa lenzi gani inunuliwe, huanza na upana. Bi harusi anavishwa chumbani, mgongo wako umegota kabatini, mbele yako wamejaa somo (kungwi wake), mama, mashangazi na watoto. Milimita za lenzi zikiwa chache, inaona pana zaidi. Ila kamera zetu nyingi zina sensa, yaani kipande kinachopokea picha, ndogo ya APS-C, nayo hupunguza upana. Kujua lenzi itaonaje ukilinganisha na kamera ya sensa kubwa, kwenye Canon zidisha milimita kwa 1.6, kwenye Nikon kwa 1.5. Lenzi inayoanzia 24 kwenye Canon hiyo inaona kama 38, na ya 17 inaona kama 27. Milimita saba hizo kati ya 17 na 24 ndizo zinazomwingiza bibi aliyekaa ukingoni mwa kitanda.

Pili, mwanga. Namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia zaidi. Ile 18-55 inayokuja na kamera huanza f/3.5, ukivuta hadi 55 imeshafika f/5.6. Lenzi ya f/2.8 mwanzo mwisho inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Kwa hiyo nawaambia vijana watafute 17-50 ya Sigma au Tamron, au 17-55 ya Canon wakijaaliwa fedha. Anayetembeza wageni mchana, na achukue 15-85 ya Canon, imtoshe. Kizuia mtikisiko ni kizuri, ila kinatuliza mkono wako tu. Anayecheza kidumbak, ngoma yetu ya harusi, hakimsimamishi. Wenye Nikon za D3000 na D5000, hakikisheni lenzi ina mota yake, la sivyo mtafokasi kwa mkono.

Ya mtumba ikaguliwe sana. Ya kwanza niliyonunua nilimwamini muuzaji, nikaitazama mbele tu. Wiki ya pili nikaona nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui: kuvu. Unyevu wetu wa masika unailea. Siku hizi nafungua tundu lote, namulika tochi kwa nyuma, nachungulia mbele nikigeuza taratibu. Kisha nazungusha ringi ya zumu karibu na sikio. Ikisaga, mna mchanga.

Jaribio ninalolipenda linataka nyumba ya Mji Mkongwe yenye dari ya boriti. Laza kamera sakafuni, lenzi itazame juu, weka 17 na f/2.8, tumia saa ya kamera ya kuchelewesha picha usiitikise. Kuza picha uangalie pembe zote nne. Boriti za pembeni zikivimba kidogo kama upinde si neno, kompyuta itazinyoosha. Pembe zote zikififia sawasawa pia si neno, funga mpaka f/5.6 zitakaza. Lakini upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umefifia, kioo kimekaa upande. Hiyo mrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo, hata akikupunguzia bei.