Kalia Mikono Yako: Taa ya Kwanza kwa Mtoto Anayesema "Siwezi"

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Miaka mingi tochi yangu ikizima nilikuwa naipeleka kwa fundi redio bila hata kuifungua. Jioni moja umeme umekatika, nguo ya harusi iko mezani haijaisha, nikaifungua kwa ncha ya mkasi. Springi ilikuwa imeshika kutu. Nikaisugua kwa msasa, ikawaka. Nguo niliimaliza usiku uleule, lakini kilichonikaa moyoni ni ile tochi.

Mwanangu anayesomea ualimu ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliandika kuhusu imani ya mtu kwamba jambo analiweza. Imani hiyo hujengwa na maneno ya kutiwa moyo, na kumwona mwenzio akifaulu, na utulivu wa mwili na moyo. Lakini kinachoijenga kuliko vyote ni kufanya mwenyewe, likakubali. Nilimwelewa mara moja, maana tochi ilishanifundisha.

Sasa Jumamosi jioni watoto wa jirani huja kibarazani. Binti mmoja wa miaka 13 alinisalimia, akakaa mbali, akasema, "Shangazi, mimi mambo ya umeme siyawezi." Nawaeleza nilivyoanza naye.

Tafuta betri mbili za saa ya ukutani, kila moja ina volti 1.5. Taa moja ndogo nyekundu ya LED, ile yenye miguu miwili ya waya, vipande vya waya, seloteipu, na rezista ya omu 100, yaani kile kidude kidogo kinachopunguza umeme ili taa isiungue. Utaitambua kwa mistari yake ya kahawia, nyeusi, kahawia. Fundi redio atakuuzia, au atakuchomolea kwenye mabaki yake. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa. Betri za simu kuukuu nazo ziache, waya zikigusana zinaweza kushika moto. Na zile betri bapa kama kifungo ziwe mbali na watoto wadogo, maana mtoto akimeza anaumia vibaya tumboni na kooni.

Panga betri kwa mstari, kichwa cha moja kiguse kitako cha nyingine, uzibane kwa karatasi ngumu. Toka upande chanya, wenye alama ya +, waya uende kwenye rezista, kisha kwenye mguu mrefu wa taa. Mguu mfupi urudi upande hasi. Basi.

Hapo ndipo kazi yako kubwa inaanza, nayo ni kukalia mikono. Nasema kukalia kweli, iweke chini ya mapaja. Yule binti aligeuza taa, mguu mrefu ukaenda hasi, na mimi niliona. Vidole viliniwasha. Kwa betri mbili na rezista ile, kosa hilo haliunguzi kitu, kwa hiyo nikanyamaza. Akaniangalia, nikamuuliza maswali matatu tu: betri zinaelekea upande mmoja? Waya umemenywa mpaka shaba inaonekana? Mguu mrefu uko wapi? La tatu halikufika mwisho, alikuwa ameshaigeuza. Ile taa nyekundu ilipowaka hakupiga kelele. Aliichomoa, akaiwasha tena, mara nne.

Ningemsaidia, ingewaka taa yangu.

Ukimsifu, usimwambie tu ana akili. Mtajie alichofanya: "Umekagua mguu wa taa mwenyewe." Hilo ataondoka nalo mpaka nyumbani. Na akikasirika, mpumzisheni. Mpe maji, mrudie baada ya dakika kumi. Mkono unaotetemeka haufungi waya.

Wiki ya pili tulitengeneza kitu cha kutumika, kwa sababu taa ya mchezo husahaulika. Tulishona mfuko wa mabaki ya kitenge, ukubwa wa kiganja. Tukaweka betri tatu, volti 4.5, na taa nyeupe ya LED. Rezista ni ileile ya omu 100. Swichi ni kifungo cha chuma cha kubana, kile cha nguo. Chukua nyuzi nyembamba za shaba kutoka ndani ya waya, zipitishe kwa sindano kwenye matundu ya kifungo, upande mmoja waya unaotoka betri, upande wa pili unaokwenda kwenye taa. Ukibana, inawaka. Funika shaba iliyo wazi kwa seloteipu, waya zisigusane. Mshono wa yule binti ulikuwa umepinda, nami nikauacha hivyohivyo.

Zilikuwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa hiyo baba yake alikuwepo nyumbani. Aliigeuzageuza ile taa, akamuuliza umeme unapita wapi. Binti akamwelekeza kwa kidole, kituo kwa kituo, na baba mtu akasikiliza mpaka mwisho. Sasa mama yake anaitumia gengeni usiku umeme ukikatika.

Juzi nilipita kwao. Yuko chini mkekani na mdogo wake wa kiume, taa nyekundu imegoma, mtoto anahangaika na waya karibu alie. Dada mtu alikuwa amekalia mikono yote miwili.