SOMO: Nani alimuua dereva wa akina Sternwood? Pitia hapa kabla hujaniuliza tena

Wakuu, kila anayemaliza The Big Sleep ya Raymond Chandler (1939) ananitumia ujumbe uleule: Owen Taylor, dereva wa familia tajiri ya Sternwood aliyekutwa ndani ya gari la Buick baharini, kauawa na nani? Naandika mara moja, basi. Kama hujamaliza kitabu, ishia hapa, maana nafumua kila kitu.

1. Soma kitabu. Filamu peke yake haitoshi.

2. Andika vilivyokutwa kwenye gati la Lido: shingo imevunjika, damu imevilia kwenye panja la kushoto, wenzo wa mafuta wa mkono umewekwa nusu, alama za tairi zimenyooka.

3. Saa. Mbao za ukingo zilizovunjika zilikuwa kavu kwa ndani, na mvua pale ilikatika kama saa tatu usiku. Gari lilipita baada ya hapo.

4. Panja. Hapa ndipo wengi wanapotea. Daktari anasema alipigwa na kitu kilichofunikwa, na damu ilishavilia chini ya ngozi angali hai. Moyo ukisimama hakuna kinachoisukuma damu, kwa hiyo maiti haivilii namna ile. Msomaji akifika hapo anaruka: kapigwa, basi kauawa! Taratibu. Alama inakwambia alipigwa akiwa hai. Haikwambii alipigiwa wapi, wala kwamba aliyempiga ndiye aliyelipeleka gari baharini. Sura kadhaa mbele Joe Brody, tapeli mmoja, anasimulia mwenyewe: alimfuata Taylor kutoka nyumbani kwa Geiger, mwenye duka la vitabu vya ngono aliyepigwa risasi usiku huo, gari likateleza nje ya barabara karibu na Beverly Glen, akajifanya polisi, akamtwanga kirungu, akachukua filamu ya kamera ambayo haijasafishwa, yenye picha ya uchi ya Carmen, binti wa Sternwood. Taylor akazinduka, akamsukuma, akaondoka. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Pigo ni la huko, kifo ni cha gatini. ONYO: Brody ana kila sababu ya kukana mauaji, usimmeze mzimamzima.

5. Wenzo na tairi. Aliyewahi kuendesha trekta anaujua wenzo huu: ukishauweka, injini inavuta bila mguu. Ndiyo maana askari mmoja anasema ni mauaji. Lakini mzamiaji anamjibu vizuri: kuvunja ukingo ule kunataka mwendo zaidi ya nusu mafuta, na mkono wa mtu anayeanguka unaweza kuusogeza wenzo. Halafu gari lisiloshikwa usukani halinyooki gati zima. Mimi naona alijiua. Alimpenda Carmen, ametoka kumuua Geiger kwa ajili yake, na filamu ya kamera imeporwa.

MASWALI

— Mkuu ni ndefu, kwa kifupi nani kaua?
— Hatua ya 4 na ya 5.

— Mwandishi mwenyewe si alisema hajui? Somo lote kazi bure.
— Alisema, ndiyo. Watu wa filamu ya 1946, iliyoongozwa na Howard Hawks, walimuuliza kwa telegramu, akajibu hata yeye hajui. Wapi nimeandika kwamba nina jibu lake? Nimeonyesha ushahidi unaegemea wapi.

— Daktari anasema hakutakuwa na maji mengi mwilini. Ina maana gani?
— Safi, umesoma kwa makini. Aliyevunjika shingo akafa hapohapo hapumui tena, kwa hiyo havuti maji mapafuni. Hakufa kwa kuzama. Ukitaka kunipinga anzia hapo, kwa sababu shingo ingeweza kuvunjwa hata kabla gari halijafika ukingoni. Mimi tairi zilizonyooka ndizo zinanizuia kukubali.

— Kwa nini fundo hili limeachwa wazi?
— Nadhani ni kwa vile Chandler alikijenga kitabu kwa kuunga hadithi zake za jarida la Black Mask, hasa "Killer in the Rain" ya 1935 na "The Curtain" ya 1936. Mishono haikosi kuonekana.

— Mimi huwa na penseli, kila gari likitajwa naandika pembeni ni la nani.
— Nzuri hiyo. Andika na mvua pia, inapoanza na inapokatika.

— Na Carol Lundgren, yule kijana wa Geiger, je?
— Huyo alimuua Brody. Fungua uzi wako.