Pima faili la Super Mario World kabla ya kulibandika kiraka

Kabla ya kubandika kiraka cha IPS (faili dogo la kubadilisha mchezo) kilichotengenezwa na mashabiki, tazama ukubwa wa faili la mchezo kwa baiti, kisha ulinganishe na maelezo ya kiraka: 524,288 ni faili lisilo na kichwa (data ya ziada isiyo sehemu ya mchezo wenyewe), ilhali 524,800 lina kichwa cha baiti 512 mwanzoni. IPS huandika kwa kufuata anwani tu, bila kukagua inachofuta, hivyo kichwa kikizidi au kikikosekana data yote huangukia pasipo pake, nawe utaambulia kioo cheusi, kama mimi jana usiku. Kipimo hiki hakitenganishi toleo la Marekani na la Japani, kwa kuwa ukubwa wao ni uleule. Kiraka cha BPS, ambacho ni umbizo jingine, afadhali, hulikataa chenyewe faili lisilo sahihi.