Kusaini muamala wa tokeni kwenye Solana

Kwenye Solana, mtandao wa blokucheni, tokeni (sarafu za kidijitali) hukaa kwenye akaunti ya tokeni, nayo haisaini malipo yenyewe. Anayesaini ni pochi inayoimiliki, kwa ufunguo wake wa siri. Tuseme duka la Darajani linamlipa fundi wa Wete USDC 25 (USDC ni tokeni inayofuata thamani ya dola). Kwenye agizo la kutuma, penye chanzo weka akaunti ya tokeni ya duka, penye mwenye mamlaka weka pochi ya duka. Ukizigeuza, muamala unakataliwa. USDC ina desimali 6, na kiasi huandikwa bila nukta, kwa hiyo andika 25000000. Zihesabu sifuri tena, maana pesa ikishakwenda hairudi. Fundi hana akaunti ya USDC? Ifungue ndani ya muamala huohuo. Bakisha SOL, sarafu ya Solana yenyewe, ya ada: lamporti 5000 (lamporti ni kipande kidogo kabisa cha SOL) kwa kila saini. Ukishasaini tuma hapohapo. Heshi ya bloku, yaani alama ya bloku (fungu la miamala) ya karibuni inayowekwa ndani ya muamala, hufa baada ya bloku 150. Ikifa, hakikisha kwanza muamala haukupita, ndipo usaini upya.