Kigugumizi cha mtoto: lini ungoje, lini uchukue hatua

Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, lugha inapokua kwa kasi. Takriban watoto 3 kati ya 4 huacha wenyewe. Anayebaki nacho si mwoga wala mzembe: kinatokana na jinsi ubongo unavyopanga matamshi, na mara nyingi kimo katika ukoo.

Andika tarehe kilipoanza. Uwezekano wa kubaki huongezeka kama ni mvulana, kama ndugu wa damu alikua nacho hadi utu uzima, kama kilianza baada ya miaka 3 na nusu, au kimepita miezi 12. Akikaza shingo, akifumba macho neno linapokwama, au akianza kukwepa kuongea, usingoje mwaka: nenda kituo cha afya uombe rufaa kwa mtaalamu wa matamshi.

Nyumbani, mpe dakika 5 kila siku, peke yake, ukiwa umeketi usawa wa macho yake. Ongea polepole wewe, usimwamuru yeye. Mnaanua dagaa, naye anasema "da-da-da-dagaa": usimmalizie neno, usimwambie "vuta pumzi kwanza". Subiri, kisha jibu alichosema: "Ndiyo, dagaa wamekauka." Wakataze kaka na dada zake kumwigiza, tena kwa ukali.

Na tafadhali, wazazi wa Ujiji na Kasulu: Kiha pamoja na Kiswahili havileti kigugumizi. Msimnyang'anye mtoto lugha ya bibi yake.