Kwa nini nauli imepanda mara mbili? Msamiati wa notibuku ya Jupyter

Notibuku ya Jupyter ni faili inayofunguka kwenye brauza, ambamo unaandika msimbo wa Python (maagizo kwa kompyuta) katika visanduku viitwavyo seli na kuona matokeo papo hapo; namna ya kuisakinisha iko chini kidogo. Fungua notibuku mpya. Katika seli ya kwanza andika `nauli = 100`. Katika ya pili andika `nauli = nauli + 20`, maana mvua imenyesha na makanga wa matatu nambari 46 hataki kusikia habari ya bei ya jana. Katika ya tatu andika `nauli` peke yake. Endesha zote kwa Shift+Enter na utapata 120. Sasa rudi kwenye seli ya pili, iendeshe tena, kisha endesha ya tatu. Jibu ni 140, ilhali msimbo uko vilevile, hakuna hata herufi iliyoguswa.

Karibu kila neno la notibuku linaeleweka ukishajua kisa cha hiyo 140. Unachokiona kwenye skrini na kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta ni vitu viwili tofauti, na havilazimiki kukubaliana.

Seva, brauza na kerneli

Jupyter ilichipuka mwaka 2014 kutoka kwa IPython, programu ya kuendeshea Python amri moja moja, kazi aliyoianza Fernando Pérez mwaka 2001. Jina lake limeundwa kutokana na lugha tatu za programu: Julia, Python na R. Kuisakinisha ni amri moja kwenye dirisha la amri (terminal), `pip install jupyterlab`, kisha unaiwasha kwa `jupyter lab`.

Ukiiwasha, brauza hufunguka kwenye `localhost:8888`. Wengi hapa hudhani wanatumia bando. La hasha. `localhost` ni kompyuta yako mwenyewe, na 8888 ni nambari ya mlango ambao seva inasikiliza. Ukizima Wi-Fi kazi inaendelea. Mlango huo ukiwa tayari umeshikwa na seva nyingine uliyoisahau, Jupyter huchukua 8889, na hapo ndipo mtu hujikuta na seva mbili bila habari.

Seva hutuma ukurasa kwa brauza na kuhifadhi faili. Haikokotoi chochote. Anayekokotoa ni kerneli: programu inayoendesha msimbo wako na kushika vigeu vyote, yaani majina yenye thamani kama `nauli`, kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kila notibuku iliyofunguliwa huwa na kerneli yake. Ukifunga kichupo cha brauza, kerneli haifi. Inabaki ikila RAM hadi uizime kwa «Shut Down Kernel» kwenye menyu ya Kernel. Kwenye leptopu ya GB 4, notibuku tatu zilizofungwa hivyohivyo zinatosha kuifanya mashine ijikokote.

Ukiombwa tokeni, si ile ya stima. Ni msururu mrefu wa herufi na tarakimu unaotokea kwenye dirisha la amri, baada ya `?token=`. Nakili anwani nzima na uibandike kwenye brauza.

Seli na modi zake mbili

Seli ni kisanduku kimoja cha kazi. Ziko za aina tatu: seli ya msimbo, seli ya Markdown (mtindo mwepesi wa kupanga maandishi) ya kuandikia maelezo na vichwa, na seli ghafi ambayo haiendeshwi kabisa. Hii ya mwisho hutaihitaji mara nyingi.

Kinachowachanganya wageni ni modi. Ukibonyeza Enter uko katika modi ya kuhariri, unaandika ndani ya seli. Ukibonyeza Esc uko katika modi ya amri, ambapo kila herufi ni agizo: A huongeza seli juu, B huongeza chini, M hugeuza seli kuwa Markdown, Y huirudisha kuwa ya msimbo, R huifanya ghafi, na D mara mbili huifuta. Jaribu kuandika neno `barabara` ukiwa umesahau kubonyeza Enter: utapata seli sita mpya, mbili kati yake zikiwa ghafi, na neno lenyewe halionekani popote. Z hutengua, bonyeza hadi mambo yarudi yalivyokuwa.

Shift+Enter huendesha seli na kukupeleka kwenye inayofuata. Ctrl+Enter huendesha na kukuacha papo hapo. Alt+Enter huendesha na kuongeza seli mpya chini. Chini ya seli hutokea thamani ya mstari wa mwisho tu. Ukitaka kuona ya mistari ya juu, tumia `print()`.

Nambari ya mabano

Kando ya kila seli ya msimbo kuna mabano ya mraba. Yakiwa matupu, seli haijaendeshwa. Yakiwa na kinyota, `[*]`, inaendeshwa au iko kwenye foleni nyuma ya nyingine. Yakiwa na nambari, hiyo ndiyo nambari ya utekelezaji: zamu ambayo seli iliendeshwa tangu kerneli iwake.

Watu huipuuza nambari hii, nayo ndiyo inayosema ukweli. Katika mfano wetu, baada ya mchezo ule seli zitasomeka `[1]`, `[4]`, `[5]`. Mruko kutoka 1 hadi 4 ni ushahidi kwamba kuna kilichoendeshwa katikati ambacho ukurasa hauonyeshi tena. Ukipokea notibuku ya mtu na nambari zinaruka kama matatu inayokwepa foleni ya Waiyaki Way, usiyaamini matokeo yake kabla hujaiendesha upya mwenyewe.

Hali iliyofichika

Jumla ya vigeu vyote vilivyomo kwenye kerneli huitwa hali. Seli ya pili ilipoendeshwa mara ya pili, haikuanza na 100 iliyo kwenye ukurasa. Ilianza na 120 iliyokuwa kumbukumbuni.

Kuna mtego mbaya zaidi. Futa seli ya kwanza kabisa, kisha endesha ya tatu. Bado unapata jibu, kwa sababu kufuta seli hakufuti kigeu. Kesho ukiwasha upya, unakutana na `NameError: name 'nauli' is not defined`, na unaapa kwamba jana ilifanya kazi. Ilifanya kweli.

Kuona vigeu vilivyopo, endesha `%whos`. Kuondoa kimoja, `del nauli`. Lakini dawa ya uhakika ni «Restart Kernel and Run All Cells», ambayo hufuta hali yote na kuendesha seli kutoka juu hadi chini. Fanya hivyo kabla ya kumtumia mtu notibuku yoyote. Ikikwama katikati, afadhali ikukwamie wewe. Ili seli ya pili isipandishe nauli kila ikiguswa, ipe kigeu jina jipya: `nauli_ya_mvua = nauli + 20`. Iendeshe hata mara kumi, jibu halisogei.

Kukatiza na kuwasha upya

Kukatiza, yaani I mara mbili katika modi ya amri, husimamisha seli inayoendeshwa na kuacha vigeu vikiwa salama. Kuwasha upya, 0 mara mbili, hufuta vigeu vyote. Seli ikikwama, anza na kukatiza.

Ujumbe ukisema kerneli imekufa na itajiwasha yenyewe, mara nyingi RAM imekwisha. Faili ya CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, huweza kuchukua nafasi kubwa kumbukumbuni kuliko kwenye diski, hasa ikiwa na safu wima nyingi za maandishi. Ukitumia pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali (huitwa `pd` kwa `import pandas as pd`), soma kipande kwanza: `pd.read_csv('nauli.csv', nrows=1000)`, au chagua safu wima unazohitaji kwa `usecols`.

Na stima ikipotea? Jupyter hujihifadhi yenyewe kila sekunde 120, hivyo maandishi mengi utayakuta. Vigeu vimekwenda. Kituo cha ukaguzi (checkpoint) ni kitu kingine: ni nakala inayowekwa unapobonyeza Ctrl+S mwenyewe, na unaweza kuirudia kutoka kwenye menyu ya File. Kujihifadhi kwenyewe hakuigusi nakala hiyo.

Maktaba iko, lakini haionekani

Umesakinisha pandas, na bado unaambiwa `ModuleNotFoundError`. Mara nyingi kompyuta ina Python mbili: umesakinisha katika moja, kerneli inatumia nyingine. Endesha `import sys` kisha `sys.executable` uone ni ipi. Suluhisho ni kusakinisha kutoka ndani ya notibuku kwa `%pip install pandas`, kisha kuwasha kerneli upya.

Alama hiyo ya `%` hutambulisha amri za mazingaombwe (magic), amri maalumu za notibuku zisizo sehemu ya Python yenyewe. Moja hugusa mstari, mbili hugusa seli nzima: `%timeit` hupima mstari mmoja, `%%time` hupima seli. Ile ya alama mbili lazima iwe mstari wa kwanza. Ukitanguliza hata maoni (mstari unaoanza na `#`) juu yake, utapata hitilafu.

Kwenye Google Colab maneno ni yaleyale, maana nayo ni huduma ya notibuku kwenye brauza, ila kerneli iko kwenye kompyuta za Google, kwa hiyo hapo bando linahitajika. Faili ulizopakia kwenye `/content` hufutika kipindi kikiisha. Weka za kudumu kwenye Drive.

Faili yenyewe

Notibuku huhifadhiwa kama `.ipynb`, ambayo ni maandishi ya JSON (muundo wa kupanga data kama maandishi) yenye msimbo pamoja na matokeo. Hilo la mwisho lina athari. Ukionyesha jedwali lenye nambari za simu za wateja kisha ukaituma notibuku kwenye kikundi cha WhatsApp, umetuma na nambari hizo, hata kama faili ya CSV umebaki nayo. Chagua «Clear Outputs of All Cells» kwenye menyu ya Edit, hifadhi, ndipo utume. Faili pia itapungua uzito, kwa kuwa michoro huhifadhiwa humohumo.

Kwa bosi asiye na Jupyter, geuza kuwa ukurasa wa kawaida unaofunguka hata kwenye simu:

`jupyter nbconvert --to html --no-input nauli.ipynb`

`--no-input` huficha msimbo na kuacha maelezo, majedwali na michoro. Amri hii haiendeshi seli upya. Inachukua matokeo yaliyokwisha kuhifadhiwa. Kama yamesimama kwenye 140, bosi atasoma 140.